Tabianchi na Viumbe Hai: Jambo Moja Katika Majalada Mawili

Mazungumzo yafuatayo yalitolewa na afisa mstaafu wa misitu mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa mwambao. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa faida ya watumishi na wananchi ambao hawakuwahi kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Ndugu watumishi wenzangu,
Ndugu wananchi,



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, kwa kutujaalia uzima hata tukakutana hapa leo. Pili, nawashukuru walionialika. Mtu akishastaafu huzoea kuitwa harusini na misibani tu. Kuitwa kazini kwa mara nyengine ni heshima, nami naipokea.

Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya mada mbili. Ya kwanza ni mabadiliko ya tabianchi na ya pili ni kupotea kwa aina mbalimbali za viumbe, na kila moja ilitengewa nusu saa. Namwomba radhi Mwenyekiti, kwani nitazungumza mara moja tu. Miaka niliyoitumia katika mikoko na misitu ya visiwa hivi imenifundisha kuwa mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba hasara nyingi tulizozipata zimetokana na kuyaweka katika majalada mawili, kwenye makabati mawili, chini ya maofisa wawili wasioulizana.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro nchini Brazil, mataifa ya dunia yalianza kutia saini mikataba miwili: mmoja wa tabianchi na mmoja wa kuhifadhi viumbe. Mikataba hiyo ilizaliwa pacha lakini ikalelewa katika nyumba mbali mbali. Kila mmoja ulikuwa na mikutano yake, wataalamu wake na mifuko yake ya fedha. Huu wa tabianchi ukatoa Makubaliano ya Paris ya Disemba 2015. Huu wa viumbe ukatoa Mfumo wa Kunming-Montreal wa Disemba 2022, unaotaka asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ziwe zimehifadhiwa ifikapo mwaka 2030. Katikati ya hayo, mnamo Disemba 2020, ndipo wataalamu 50 walioitwa kwa pamoja na majopo mawili ya kisayansi, lile la tabianchi na lile la viumbe, walipokaa katika kikao kimoja kwa mara ya kwanza. Ripoti yao ilitolewa Juni 2021. Pacha hao walikuwa wameshatimiza miaka 28.

Walichokisema wataalamu hao kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Dunia katika muongo wa 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900, na sababu ni gesi zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, pamoja na kukata misitu. Takriban nusu ya hewa ukaa tunayoitoa wanadamu hufyonzwa na mimea, ardhi na bahari. Kwa hiyo msitu unapoondolewa tunapoteza makaazi ya wanyama, na pia tunamfukuza mchukuzi aliyekuwa akitubebea mzigo. Kadhalika, joto linapozidi, mchukuzi huyo huugua. Ugonjwa wa kwanza huongeza wa pili, na wa pili hurudi ukaongeza wa kwanza.

Wataalamu hao walisema pia jambo la tatu ambalo kwetu sisi watumishi ni zito zaidi, nalo ni kwamba dawa ya ugonjwa mmoja ikitolewa bila ya kuuangalia mwengine inaweza kumuua mgonjwa. Walitaja kwa mfano upandaji wa miti ya aina moja juu ya maeneo makubwa yasiyokuwa ya msitu tangu asili. Kwenye hesabu ya hewa ukaa huonekana ni faida. Kwa viumbe wa mahala hapo ni msiba.

Sisi wa visiwani tusijidai wageni wa mafunzo haya. Mwishoni mwa karne ya 19 kunguru waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi ili wale taka za mjini. Nia ilikuwa njema, na jalada la usafi wa mji bila ya shaka lilifungwa kwa kuridhika. Kunguru wakala taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wetu, wakala vifaranga vya kuku, wakavuka hadi Bara, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunahangaika nao. Aliyewaleta hakuwa mjinga. Aliulizwa suali moja akalijibu hilo hilo.

Sasa niingie katika bahari, maana ndiko wengi wenu mnakopata riziki.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto kwa sababu ya El Niño. Matumbawe yakapauka, yaani yakawatoa vijimea wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mifupa. Wavuvi wa wakati ule walikuja ofisini wakiuliza ni nani aliyemwaga dawa baharini. Mwaka 2016 joto lilirudi, na mwaka 2024 likarudi tena. Jopo la tabianchi linakadiria kuwa dunia ikifikia ongezeko la nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya maeneo ya joto yatapotea, na ikifikia nyuzi 2 yatapotea takriban yote. Hapa lazima niwe mkweli: hakuna sheha wala mkurugenzi anayeweza kuyapoza maji ya bahari. Visiwa vyetu vimechangia kidogo mno katika kuyatia joto, na walioyachangia wana wajibu ambao Serikali yetu na wenzetu wa visiwa vyengine wataendelea kuudai.

Hata hivyo, lipo tulilonalo mikononi. Tumbawe likishapauka, kupona kwake kunategemea nani amebakia mwambani. Wakiwepo pono, tasi na kangaja, samaki hao hula magugu yanayoota juu ya mwamba na hivyo kuacha nafasi safi ya matumbawe machanga kushika. Wakiwa wote wamekwisha katika juya, magugu hutawala na mwamba haurudi. Kwa hiyo anayevuta juya juu ya matumbawe amefanya kosa la uvuvi na kosa la tabianchi pia, ingawa hakuna hakimu aliyepata kumsomea shitaka la pili. Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu mwaka 1994, na Misali ya Pemba tangu 1998. Maeneo hayo yasihesabiwe kuwa ni mapambo ya watalii. Huko ndiko kunakozaliwa mbegu za kuirejesha miamba mingine.

Sasa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya Paje na Jambiani, na wakulima walio wengi ni wanawake. Mwani aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei bora, hauvumili maji ya moto. Tangu miaka ya 2000 umekuwa ukiugua na kukatika katika sehemu nyingi za maji madogo, na kina mama wamebaki na spinosumu, ambao ni mstahamilivu lakini malipo yake ni kidogo. Ushauri waliopewa ni kusogea kwenye maji ya kina kirefu. Ni ushauri sahihi kwa mmea. Lakini wengi wa kina mama hao hawajui kuogelea na hawana vyombo, na huko kwenye kina ndiko wanakotega madema waume zao na watoto wao. Huu ni mfano wa jalada moja: limemtazama mwani, halikumtazama mkulima, wala samaki, wala majani ya bahari yanayong'olewa ili kupata nafasi ya kuchomeka vigingi. Mimi nasema, kabla ya shamba kuhamishwa, afisa wa mwani, afisa wa uvuvi na mama mwenye shamba waende pamoja siku ya bamvua, wasimame ndani ya maji, na waamue hapo hapo.

Ndugu wananchi, nimewasema wengine. Sasa ni zamu ya kujisema mwenyewe.

Katika mwaka 1997 nilisimamia upandaji wa mikoko katika shehia moja ambayo sitaitaja, kwa sababu aibu ni yangu na si ya kwao. Bahari ilikuwa ikila ufukwe, na tuliletewa fedha za kupanda. Tuliwachukua watoto wa skuli, tukakusanya mbegu za mkoko, zile ndefu kama rungu, tukazichomeka kwa maelfu kwenye uwanda wa matope na mchanga ulio wazi, kwa mistari iliyonyooka kama ya mashamba ya mikarafuu. Picha zilipigwa. Ripoti iliandikwa, nami niliitia saini.

Mahala pale hapakuwa patupu. Palikuwa pamefunikwa na majani ya bahari, na kina mama walikuwa wakiokota chaza na kombe hapo kila maji yanapotoka. Katika watazamaji alikuwepo bibi mmoja mtu mzima, amejitwika pakacha lake. Aliniita kando kwa adabu, asinihizi mbele ya watoto. Akaniambia, "Bwana Misitu, mwanangu, hapa hapajaota mkoko tangu enzi ya bibi yangu. Nawe hukuuliza kwa nini."

Nilimjibu kwa ujuvi wa ujana kwamba wataalamu walishapima. Hakuna aliyepima. Kusi ilipovuma mawimbi yaling'oa sehemu kubwa, na miche iliyosalia ilizama majini muda mrefu mno kila siku, ikafa. Mkoko hauoti popote penye maji ya chumvi. Mlilana hustahamili kukaa mbele, upande wa bahari. Mkoko hufuata nyuma yake penye matope. Msinzi na mkandaa hutaka mahala palipoinuka zaidi. Na mchu hukubali chumvi ambayo wengine wangekufa nayo. Kila mmoja ana kiwango chake cha kujaa na kutoka kwa maji. Sisi tulipanda aina moja, chini ya kiwango chake. Tulikanyaga majani ya bahari, ambayo na yenyewe huhifadhi kaboni katika mchanga na huwalea tasi na kamba, na tukawatoa kina mama kwenye chaza zao kwa msimu mzima. Kwa hiyo mradi wa tabianchi uliharibu viumbe, na mwisho wake haukuisaidia hata hiyo tabianchi.

Mwaka wa tatu nilirudi kumtafuta yule bibi. Alinichukua mwendo wa nusu saa hivi hadi palipokuwa na tuta la njia ya gari, lililojengwa miaka mingi nyuma kukatisha hori. Upande wa bahari mikoko ilikuwa mizima. Upande wa nchi kavu ilikuwa visiki vikavu, na ardhi imepasuka kwa chumvi. Tuta lilikuwa limeyafungia maji. Bibi akasema, "Hawa hawataki kupandwa, wanataka maji yao." Ilichukua miaka miwili ya barua hadi bomba la saruji kupitishwa chini ya tuta lile. Kwa nini miaka miwili? Kwa sababu fungu la misitu lilikuwa na fedha za miche, halikuwa na fedha za bomba. Na wenzetu wenye fedha za bomba hawakuwa na mikoko katika jalada lao. Maji yalipopita, mbegu ziliingia zenyewe na bamvua. Hatukupanda hata mche mmoja. Leo mtu akisimama pale hawezi kuona upande wa pili. Kaa wamerudi, na tondo, na vijana hufuga nyuki pembezoni.

Nimelirefusha simulizi hili kwa sababu ndani yake mna karibu yote ninayotaka kuyasema. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Hapo ni kinga dhidi ya bahari inayopanda, ambayo duniani kwa wastani imepanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Huhifadhi kaboni nyingi, na sehemu kubwa zaidi imo katika matope kuliko katika miti. Anayekata mkoko na kuyachimbua matope hufungua ghala lililojazwa kwa mamia ya miaka. Na papo hapo mikoko ni nyumba ya kulelea samaki, kamba na kaa. Kazi zote hizo zinafanywa na mti mmoja kwa wakati mmoja. Ni sisi tu tunaozigawa kwa mafungu ya bajeti.

Kuhusu kuta za bahari. Nasikia katika baadhi ya shehia watu wameanza kunung'unika kwamba wazee wa misitu wanapinga kuta. Sipingi. Penye hospitali, penye makaburi, penye barabara kuu, ukuta hujengwa. Pia katika Kisiwa Panza na mabonde kadhaa ya Pemba, ambako maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga, siwezi kumwambia mkulima asubiri mti ukue. Lakini inafaa ieleweke kwamba bahari inapopanda mikoko nayo hurudi nyuma, ikipanda polepole kuelekea nchi kavu. Ikikuta ukuta nyuma yake, au nyumba, au shimo la kuchimbia mchanga, haina pa kwenda, hufa ikiwa imesimama. Kwa hiyo kila penye mikoko mbele tuache ardhi nyuma.

Hapo ndipo penye ugumu, nami sitaki kuupita kimya kimya. Ardhi hiyo ya nyuma ina watu. Sensa ya mwaka 2012 ilitupa wakaazi 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 ilitupa 1,889,773. Ni ongezeko la zaidi ya watu 586,000 ndani ya miaka 10, juu ya ardhi ile ile. Kijana anayetaka kujenga, mwekezaji anayetaka ufukwe, na mkandaa unaotaka pa kurudi, wote wanaitazama sehemu moja. Ukimnyima kijana, uwe umeshajua utampeleka wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 3 ya mwaka 2015, inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa. Lakini kibanda kimoja kimoja hakiombi tathmini, na ghuba huzibwa na vibanda kuliko mahoteli. Hili ni la masheha zaidi kuliko wakurugenzi, na masheha wanastahiki kupewa ramani yenye mpaka uliochorwa, si kuachiwa lawama peke yao.

Nigusie msitu wa Jozani kwa ufupi, maana nao unaonyesha jambo hili kwa upande wa nchi kavu. Jozani liko katika ardhi ya chini, kati ya Ghuba ya Chwaka kwa kaskazini na mikoko ya Pete na Uzi kwa kusini, na miti yake imesimama juu ya maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2004 sehemu hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Humo ndimo anamoishi kima punju, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwetu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Matuta yaliyowekwa barabarani yamepunguza kugongwa kwao, na sehemu ya mapato ya wageni huenda vijijini, jambo lililopoza hasira za wenye minazi. Kima huyo hutumia pia mikoko kwa kula na kwa kupita. Msitu, maji matamu, mikoko na kima vimeshikana. Huwezi kukihifadhi kimoja ukavitoa vyengine.

Kima punju, kwa wale wasiojua, hula makaa. Huyaokota penye matanuri na majikoni, na wataalamu wanasema yanamsaidia tumboni kwa sababu ya majani anayoyala. Mara nyengine watu hucheka kwamba kima ndiye anayemaliza makaa ya Unguja. Ingekuwa hivyo tungefurahi. Makaa ya Unguja humalizwa na majiko ya mjini, na chokaa yetu huchomwa kwa kuni za uwandani. Kila jiko linalohama kutoka kwenye makaa kwenda kwenye gesi au umeme huachia mti usimame, ila bei ya gesi ndiyo itakayoamua, na mwenye kipato kidogo hatahama kwa hotuba.

Kutoka Pemba tunao mfano wa furaha. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye ni wa kisiwa kile tu, alikuwa amebakia mia chache mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kuyalinda matuo yake. Ilipofika mwaka 2007 walihesabiwa takriban 22,000. Popo huyo hubeba mbegu za miti ya msituni usiku kucha, bila ya posho wala mafuta ya gari. Hupanda panapostahiki kupandwa, na hupanda aina nyingi. Nilipokumbuka mistari yangu ya mwaka 1997 niliona haya mbele ya popo.

Limebaki suala la fedha. Katika miaka ya 2010 mimi na wenzangu tulizunguka shehia kadhaa tukiwaeleza wananchi kwamba wakiulinda msitu wao wa jamii, dunia itawalipa kwa kaboni iliyomo. Wakaulinda. Walijinyima kuni, wakawafukuza wakataji usiku, wakaandika kumbukumbu katika madaftari. Malipo tuliyowatajia hayakufika kama tulivyowatajia. Tulitamka fedha kabla ya kuziona, na mpaka leo nikipita baadhi ya vijiji hivyo nasalimiwa vizuri lakini sikaribishwi kukaa. Sasa yanazungumzwa tena malipo ya kaboni ya bahari, kwa mikoko na majani ya bahari. Huenda safari hii yakafika. Lakini mwananchi aelezwe kwanza faida iliyo mlangoni pake, yaani kaa, samaki, asali, kisima kisichoingia chumvi. Na kaboni itajwe mwisho, kwa maandishi, pamoja na masharti yake na mgao wake. Msitu unaolindwa kwa ahadi peke yake hukatwa siku ahadi inapovunjika.

Ndugu watumishi, huu ni wakati wa kutayarisha makadirio ya mwaka ujao. Ninayoyaomba hayahitaji sheria mpya. Mpango wowote wa ukuta, njia, kisima, shamba la mwani au upandaji miti katika ukanda wa pwani uandikwe katika jalada moja, na uwe na saini za misitu, uvuvi, maji, ujenzi na mazingira kabla ya kwenda mbele. Atakayetia saini awe amefika mahala penyewe mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka, kwani pwani ya saa nne asubuhi siyo ya saa kumi jioni. Wenyeji waulizwe kabla ya ramani kuchorwa, na katika wenyeji hao wawepo wanaookota chaza, maana wao ndio wanaolijua tope kwa nyayo. Fungu la fedha liruhusu bomba badala ya mche, pale bomba linapotakiwa. Na ibakie fedha ya kurudi mwaka wa pili na wa tatu kuangalia kilichokufa, na kuandika kuwa kimekufa. Katika utumishi wangu niliandika ripoti nyingi za miche iliyopandwa. Ya miche iliyokufa sikumbuki kutakiwa hata moja.

Niliambiwa kwamba mmoja wenu ataniuliza kwa nini sisi tupate tabu ilhali moshi si wetu. Jibu langu ni hili: hata kama viwanda vyote vya dunia vingezimwa leo, tuta lililofunga hori lingebakia limeifunga, na juya lingebakia juu ya mwamba. Hayo ni yetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ramani ya pwani yetu imetandikwa kwenye meza iliyopo barazani, na kalamu nyekundu zipo. Naomba kila sheha aweke alama mahala ambapo maji yalikuwa yakipita zamani na hivi sasa hayapiti. Leo ni bamvua. Wenye nafasi tufuatane hadi kwenye tuta la karibu. Gari ipo kwa ajili ya wazee, na atakayekuja na viatu vya ofisini avivue mapema.